Ng'ombe apimwe joto na uzito kabla ya kudungwa sindano

Kwa Mhariri,

Mvua za masika zikikolea huku Nakuru, kupe waliokomaa hupanda kwenye ncha za nyasi kungoja mnyama apite. Ni wakati huo mfugaji huingia kwenye duka la agroveti akasema ng'ombe wake hali, na muuzaji akampa chupa ya oksitetrasaklini, ambayo ni antibiotiki, na sirinji bila kuuliza mnyama ana joto la digrii ngapi, ana kilo ngapi, wala matezi yake yako vipi. Naomba nafasi katika gazeti lako niwaambie wafugaji kwamba sindano hiyo ya kukisia inaua ng'ombe ambao wangepona. Vifaa vya kuizuia si vya kutisha: kipimajoto, utepe wa kupimia kama ule wa fundi cherehani, na mkebe wenye alama za mililita.

Kwanza joto. Ng'ombe mzima mwenye afya huwa kati ya digrii 38 na 39.3 hivi, ndama huwa juu kidogo. Likifika 39.5 asubuhi kabla jua halijapanda, hesabu kwamba kuna homa, hata kama anacheua na maziwa hayajapungua. Mshike vizuri, paka kipimajoto mafuta ya kujipaka au maji ya sabuni, kiingize kwenye njia ya haja kubwa na ukiinamishe kiguse ukuta wa utumbo. Kikizama katikati ya kinyesi kitasoma chini ya joto halisi, na wengi hudanganyika hapo. Kile cha zebaki kikung'ute kwanza hadi kishuke, kisha kikae dakika 2. Cha kidijitali kikae mpaka kilie. Funga kamba kwenye ncha yake, maana mnyama akisukuma kinaweza kuanguka kikavunjika au kuvutwa ndani. Andika namba na tarehe kwenye daftari. Msimu wa kupe, pima kila mnyama kila asubuhi, hasa mitamba na ndama, kwa sababu katika ugonjwa nitakaoueleza sasa homa hutangulia na kukosa hamu ya kula hufuata baadaye. Ukingoja mpaka mnyama asuse majani, umeshapoteza siku zilizokuwa na thamani kubwa kuliko dawa yenyewe.

Ugonjwa huo ni ndigana kali, ambao wafugaji wengi wa hapa wanauita homa ya Isti Kosti. Huletwa na kijidudu Theileria parva, kinachobebwa na kupe kahawia anayependa kujishikiza ndani ya sikio. Siku 8 hadi 12 hivi baada ya kuumwa, wakati mwingine zaidi, tezi lililo chini ya sikio huvimba. Kisha huvimba lile lililo mbele ya bega na lile la kwenye mkunjo wa ubavu, mbele ya goti la nyuma. Joto hupanda kupita 40, mara nyingi hata 41. Baadaye huja kikohozi, machozi, kuhema kwa shida, na mwishoni povu jeupe puani, kwa sababu mapafu yamejaa maji. Ng'ombe wa gredi asipotibiwa, kwa kawaida hufa ndani ya wiki 3 au 4 tangu kupe amwume.

Jizoeze kupapasa matezi haya kwa ng'ombe mzima wako akiwa na afya, pande zote mbili. Anayejua tezi la kawaida likoje hahitaji kuambiwa likivimba.

Si kila homa ya kupe ni ndigana kali, na hapa ndipo kukisia hugharimu. Ndigana baridi haivimbishi matezi kwa namna hiyo. Ufizi na ndani ya kope hupauka, baadaye huwa na umanjano, na kinyesi hukauka kikawa vipande vigumu. Huenezwa zaidi na kupe wa bluu, lakini pia na nzi wanaouma na sindano moja inayopitishwa kutoka ng'ombe hadi ng'ombe. Mkojo ukiwa mwekundu au rangi ya kahawa pamoja na homa, fikiria babesia, ugonjwa mwingine wa kupe. Mbuzi au ng'ombe anayetembea akiinua miguu juu kupita kiasi, anayezunguka, kutafuna hewa au kuanguka na kutapatapa, huenda ana maji moyo, yanayoletwa na kupe mkubwa mwenye mabaka ya rangi mgongoni. Na mnyama mmoja anaweza kuwa na mawili kwa pamoja.

Oksitetrasaklini hutibu ndigana baridi na maji moyo. Ndigana kali iliyokwisha kuonyesha dalili haiitibu. Mfugaji hudunga Jumatatu, anangoja Jumanne, Jumatano anarudi dukani kuongezewa ileile, Ijumaa anampigia daktari simu wakati povu limeshatoka puani. Dawa ya ndigana kali ni buparvakwoni, au parvakwoni ambayo ni ya zamani zaidi, nayo hufanya kazi nzuri ikiwahi. Huua kijidudu lakini haitoi maji yaliyokwisha kujaa mapafuni. Ikifikia hapo daktari atalazimika kuongeza dawa ya kukausha maji, na bado huenda asifaulu. Mnyama huyo asitembezwe kwenda josho wala kupakiwa kwenye gari. Aachwe kivulini, aletewe maji na majani mabichi.

Njia ya uhakika ya kutofautisha ni darubini. Mhudumu wa mifugo huchoma mshipa mdogo wa sikio, hupaka tone moja la damu kwenye kioo kwa utando mwembamba, hufyonza maji kidogo ya tezi lililovimba na kuyapaka kwenye kioo cha pili, huviacha vikauke, kisha huvitia dawa ya kuvihifadhi. Nakuru tuna bahati: maabara ya serikali ya kuchunguza magonjwa ya mifugo ya kanda iko mjini. Sampuli ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza, kwa kuwa dawa ikishaingia vijidudu hupungua kwenye damu na kioo hakitaonyesha kitu.

Pili ni uzito. Dozi zote zimeandikwa kwa kilo, ilhali uzito wenyewe karibu kila mtu hukisia kwa macho, na macho mara nyingi hupunguza. Mizani haihitajiki. Zungusha utepe kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, ukiukaza bila kubana, upate mzunguko kwa sentimita. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa unaochomoza kando ya mkia. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, halafu gawanya kwa 10,838. Jibu ni kilo, likikosea ni kwa kiasi kidogo. Ng'ombe mwenye mzunguko wa sentimita 170 na urefu wa 145 atakuwa na kilo 387 hivi.

Sasa tumia namba hiyo. Buparvakwoni ya kawaida ina miligramu 50 kwa mililita, na dozi yake ni mililita 1 kwa kila kilo 20. Ng'ombe wetu wa kilo 387 anahitaji mililita zisizopungua 19, zigawanywe sehemu mbili kwenye msuli wa shingo. Joto likikataa kushuka, dozi hurudiwa baada ya saa 48 hadi 72. Anayenunua mililita 10 kwa sababu ndizo alizoweza kulipia amenunua nusu ya dawa, na nusu hiyo haimponyi mnyama nusu. Ni heri kukopa kwenye chama cha ushirika wa maziwa ukalipa kwa maziwa kuliko kudunga nusu dozi ukapoteza dawa na ng'ombe.

Kwa oksitetrasaklini kosa liko kwenye asilimia. Chupa ya asilimia 10, ya 20 na ya 30 zinafanana rangi na sura, lakini mililita moja ya asilimia 30 ina dawa mara tatu ya ile ya 10. Aliyezoea moja akiuziwa nyingine bila kusoma atapunguza au kuzidisha. Ile ya asilimia 20 ya kudumu mwilini hutolewa mililita 1 kwa kila kilo 10 na hurudiwa baada ya siku 3. Ile ya asilimia 10 ya kawaida hutolewa kila siku kwa siku 3 hadi 5, wala si siku moja. Isizidi mililita 10 mahali pamoja, maana huunguza msuli. Na kila mnyama adungwe kwa sindano yake. Nimeshataja kwamba ndigana baridi husafiri kwa sindano. Mwenye ng'ombe sita na sindano moja anaweza kuusambaza ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe.

Kuzuia ni rahisi kuliko haya yote, kwa hiyo nikae kidogo kwenye dawa ya kupe. Wengi hupulizia, lakini wachache hupima. Amitrazi ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa kila lita ya maji, yaani mililita 40 kwa bomba la lita 20. Wengi hutumia kifuniko cha chupa, na vifuniko havilingani: dawa hubaki pungufu, kupe dhaifu hufa, wagumu hubaki wakazaa. Baada ya misimu michache shamba lina kupe wasiosikia dawa, na mfugaji anasema dawa siku hizi ni maji. Mimina maji safi nusu ya bomba, weka dawa iliyopimwa, koroga, kisha jaza. Maji ya tope huziba mdomo wa bomba na kupunguza nguvu ya dawa. Mchanganyiko wa amitrazi hauwekwi hadi wiki ijayo, kwani hupoteza nguvu. Changanya wa siku hiyo tu. Bomba la kuua magugu lisitumiwe kwa ng'ombe hata likioshwa.

Ng'ombe mzima anahitaji lita 5 au zaidi, alowe hadi maji yadondoke tumboni. Kupulizia mgongo na mbavu peke yake ni kuosha ng'ombe. Kupe wako ndani ya masikio, chini ya mkia, kati ya mapaja, kwenye kiwele, kwapani, kwenye shungi la mkia na katikati ya kwato, kwa hiyo anzia huko ndipo upande mgongoni. Mpe maji ya kunywa kwanza asije akajilamba kwa kiu, pulizia asubuhi baada ya kukamua au jioni jua likipungua, si mvua ikikaribia, na simama upepo ukikupiga mgongoni. Vaa glavu na nguo za mikono mirefu. Kabla ya kukamua tena, osha kiwele. Punda wasipuliziwe amitrazi kabisa. Hufunga utumbo na huweza kuwaua, na huku kwetu punda wa kubeba maji mara nyingi huwa zizi moja na ng'ombe. Dawa za jamii ya deltamethrini na sipamethrini nazo huua samaki na nyuki, basi mabaki yasimwagwe mtoni.

Kwa nini kupe wapuliziwe kila wiki? Kwa sababu kijidudu cha ndigana kali hakiingii mara kupe anapouma. Kupe akishajishikiza, huchukua siku 3 hadi 5 kijidudu kukomaa ndani ya tezi za mate yake. Kupulizia kila siku 7 hukata idadi kubwa ya kupe, lakini anayejishikiza siku ya pili baada ya dawa kupungua nguvu bado anaweza kufikisha siku zake tano. Kwa hiyo msimu wa mvua, sehemu zenye kupe wengi, pulizia mara mbili kwa wiki, au katikati ya wiki futa ndani ya masikio na chini ya mkia kwa kitambaa kilicholoweshwa dawa ya kipimo kilekile. Kazi hiyo ya dakika chache ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa.

Siku moja au mbili baada ya kupulizia, funua masikio. Ukikuta kupe hai wanaoendelea kunenepa, uliza kwanza kama kipimo kilikuwa sawa na kama sehemu zote zililowa. Vikiwa sawa, huenda kupe wamezoea dawa, na hapo badilisha jamii ya dawa, si jina la chupa. Dukani kuna chupa za rangi mbalimbali ambazo ndani zote ni amitrazi. Soma jina la kemikali lililoandikwa kwa herufi ndogo; toka kwenye amitrazi uende kwenye jamii ya deltamethrini, au kinyume chake. Kubadilisha kila wiki pia ni kosa, kwa sababu huwafundisha kupe dawa zote kwa wakati mmoja.

Wanaofungia ng'ombe zizini wasijidanganye. Napia iliyokatwa kando ya barabara wanakopita ng'ombe wa watu huingia bandani na kupe wake, na ng'ombe ambaye hajawahi kukutana na ugonjwa wa ndigana kali ndiye unaomuua haraka.

Kuna chanjo ya ndigana kali, na inasikitisha kwamba wafugaji wengi wadogo hawaijui. Ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970. Mnyama hupewa vijidudu hai kidogo karibu na sikio, na papo hapo hudungwa oksitetrasaklini ya kudumu ili ugonjwa uje mdogo na mwili ujifunze kupigana nao. Hutolewa mara moja tu maishani, kuanzia ndama wa mwezi mmoja. Hapa tena uzito ndio kila kitu: oksitetrasaklini ikipunjwa, chanjo yenyewe humpa ndama ugonjwa kamili. Ndiyo maana haitolewi na mtu asiyefunzwa, na mnyama mgonjwa hachanjwi. Baada ya hapo apimwe joto kwa wiki tatu hivi. Haikingi ndigana baridi wala babesia wala maji moyo, kwa hiyo bomba haliwekwi chini. Kikwazo kikubwa ni kwamba chanjo huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, huja kwa mirija ya dozi nyingi, na ikishayeyushwa lazima itumike siku hiyohiyo. Mwenye ng'ombe wawili hawezi kuiita peke yake. Vyama vya ushirika wa maziwa vikikusanya ndama wa kijiji mahali pamoja siku moja, gharama ya kila mmoja hushuka. Hili halihitaji kungoja serikali.

Tukitoka kwa kupe, ugonjwa unaokula pesa kimyakimya ni wa kiwele. Mabonge na damu kwenye maziwa kila mtu huviona. Usioonekana ndio mkubwa: maziwa yanatoka meupe lakini yamepungua na hayakai. Kila asubuhi kamua michirizi miwili ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi uone kama kuna chembechembe, wala usiimwage sakafuni au mkononi. Mara moja kwa mwezi pima usioonekana. Dawa ya kupimia huuzwa, lakini gramu 15 za sabuni ya unga kwenye nusu lita ya maji hufaa pia: weka kiasi sawa cha maziwa na maji hayo kwenye kisahani, kila chuchu mbali, zungusha kwa dakika moja. Yakiganda kama ute wa yai, robo hiyo ya kiwele ina ugonjwa.

Viini vingi vya kiwele husafiri kwa mikono ya mkamuaji na kwa kitambaa kimoja kinachofuta ng'ombe wote. Kila ng'ombe awe na kitambaa chake, kikaushe kiwele vizuri, na mwenye ugonjwa akamuliwe mwisho. Mafuta ya kukamulia hulainisha chuchu tu, hayaui kitu. Kinachoua ni kuchovya kila chuchu kwenye dawa ya ayodini ya asilimia 0.5 mara tu baada ya kukamua, wakati tundu la chuchu bado liko wazi. Mwekee majani ili asimame nusu saa. Akilala papo hapo kwenye tope, tope huingia.

Ukitibu, kamua kwanza hadi kiwele kiishe, pangusa ncha ya chuchu kwa spiriti, ingiza mrija wa dawa kidogo tu bila kuusukuma hadi mwisho, maana ukienda mbali hubeba uchafu na kupanua tundu. Rudia kila baada ya kukamua kwa idadi iliyoandikwa, kwa kawaida mara tatu, hata mabonge yakiisha baada ya mrija wa kwanza. Ng'ombe anayerudiwa na ugonjwa huu kila mwezi mara nyingi ni yule aliyepewa mrija mmoja. Unapomkausha, siku 60 kabla ya kuzaa, tia kila robo mrija wa dawa ya kipindi cha ukavu. Wakati huo dawa hufika mahali ambapo wakati wa kukamuliwa haifiki.

Na maziwa hayo yasiuzwe. Oksitetrasaklini nyingi za kudumu zimeandikwa siku 7 za kutouza maziwa, mirija mingi ya kiwele siku 3 baada ya mrija wa mwisho. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi. Kuchemsha hakuondoi dawa hizo. Mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika kwa kikombe kimoja cha chai, mala hukataa kuganda, na viini vinavyozoea dawa huja kutusumbua hospitalini. Ndama naye asipewe.

Kuna magonjwa ambayo sindano ya dukani haina la kufanya. Ugonjwa wa miguu na midomo ni wa virusi. Antibiotiki haiui virusi, hata ikirudiwa mara ngapi. Kinachosaidia ni kuosha vidonda vya mdomo kwa maji ya chumvi, kutunza kwato, kulisha majani laini, na kufunga lango. Magurudumu na viatu vya wanaoingia vipitie maji ya soda ya kufulia, gramu 400 kwa lita 10. Chanjo ya KEVEVAPI, taasisi ya serikali inayotengeneza chanjo za mifugo, hutolewa kila miezi 6, na isafirishwe kwenye barafu kati ya digrii 2 na 8. Iliyoachwa kwenye dashibodi ya pikipiki ni maji tu. Ng'ombe mpya kutoka sokoni atengwe siku 21 mbali na wengine, apimwe joto kila siku.

Mnyama akifa ghafla, akavimba haraka, na damu nyeusi isiyoganda ikatoka puani na nyuma, msimchune. Hiyo huenda ni kimeta, na Nakuru tunakijua: mwaka 2015 kiliua nyati wengi katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Mkimpasua, vijidudu hupata hewa, hujifunika gamba na kukaa ardhini miaka mingi. Mwiteni afisa wa mifugo, azikwe mzima kina cha futi 6 na chokaa juu. Chanjo ya kimeta ni ya kila mwaka na ni hai, hivyo mnyama aliyetoka kudungwa antibiotiki asichanjwe siku hizo. Dawa itaiua chanjo. Vivyo hivyo, baada ya mvua kubwa, kondoo na ng'ombe wengi wakitupa mimba kwa pamoja, msishike vijusi kwa mikono mitupu wala kunywa maziwa mabichi. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa kwa mara ya kwanza karibu na Ziwa Naivasha, katika kaunti hii, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na huua watu pia.

Katiba ya 2010 iliweka udhibiti wa magonjwa ya mifugo mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo ombi langu kwa idara ya mifugo ya Nakuru, na za Kisumu, Kakamega na Bungoma, ni mahususi. Majosho ambayo bado yanatumika yachukuliwe sampuli ya maji kila mwezi na kupimwa nguvu ya dawa, kwa sababu kamati zinaongeza maji baada ya kila kundi bila kuongeza dawa, na mvua inaongeza mengine. Matokeo yabandikwe langoni pa josho ili mwenye ng'ombe ayaone kabla ya kulipa. Chanjo za miguu na midomo zipangwe kwa tarehe zinazojulikana tangu mwanzo wa mwaka, badala ya kukimbiza moto uliokwisha kuwaka. Na ukaguzi wa maduka ya agroveti uulize jambo moja zaidi ya leseni: je, anayeuza sindano ya antibiotiki amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na amemwuliza mnunuzi joto na uzito wa mnyama?

Mhudumu wa afya ya mifugo,
Njoro, Nakuru.